Keki Ambayo Svenning Hakuileta

Svenning Odgaard ana mgongo mzee kuliko yeye mwenyewe. Yeye ni mtu wa miaka hamsini na kitu, ila ule mgongo nadhani aliurithi kwa babu yake, na babu naye aliununua ukiwa umeshatumika. Akiinama kufunga viatu, mimi ninayekaa ghorofa ya juu yake nasikia mlio, na paka wangu anakimbilia uvunguni mwa kitanda. Hapo sijaongeza chumvi. Nikiongeza mtaijua kwa ladha.

Svenning alikuwa fundi wa mashine za kukausha unga wa samaki, pale kiwandani nyuma ya bandari yetu ya Thyborøn. Mashine yenyewe ni pipa la chuma refu kama nyumba iliyolazwa ubavu, linazunguka likiwa na moto wa mvuke tumboni, na linauzwa popote penye samaki na watu wanaoweza kuvumilia harufu. Likigoma huko liliko, wanatumwa Svenning na Egon. Siku zote hao wawili. Svenning ana masikio: anaweka bisibisi kwenye chuma, anaweka sikio kwenye mpini wa bisibisi, anafumba macho, anakwambia ni beringi gani, ile pete ya chuma ya kuzungushia pipa, inayolia. Egon Bundgaard ana mabega. Akipita mbele ya dirisha langu mchana, inabidi niwashe taa.

Walianza ufundi pamoja wakiwa hawajaota ndevu. Wamelala chumba kimoja Iceland, wakala samaki mmoja Peru, wakaugua tumbo moja Morocco. Egon alipofiwa na mkewe, Svenning alihamia kwake na sanduku dogo, hakusema neno la pole hata moja, akawa anamenya viazi na kuvichemsha asubuhi na jioni mpaka Egon akaanza kula. Watu wa huku wanapendana hivyo, kwa viazi na kimya. Basi urafiki huo, uliovuka bahari zote hizo, Svenning alikaribia kuuvunja kwa sababu ya kiti cha ndege.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa pili, wakati ule ambao upepo wa hapa huwanyoa kondoo bila kumwambia mwenye kondoo, habari ilikuja kutoka Chile kwamba pipa limekwama, samaki wanaoza, njooni. Chile iko chini kabisa ya dunia, mahali ambapo ukiweka kikombe vibaya kinaangukia juu. Unapanda ndege Copenhagen, unashuka Madrid, halafu unapanda nyingine unakaa, unakaa, unakaa mpaka unasahau ulikuwa unakwenda kwa nani.

Svenning alijua mgongo hautafika. Mara ya mwisho, walipotoka Peru, alishushwa kwenye ndege akiwa amekunjika kama meza ya kupigia pasi iliyopata kutu, na alikunjuka siku ya tatu yake, kidogo kidogo, akiwa bafuni. Kwa hiyo safari hii alikwenda kwa daktari, binti mmoja mwenye miwani, akapigwa picha.

"Kukaa kitako muda mrefu, hapana," daktari akasema. "Utasafiri umelala au hutasafiri. Na kunyanyua vitu vizito pia..."

"Andika hilo la kukaa," Svenning akamkatiza. "La kunyanyua liache."

"Kwa nini niliache?"

"Kwa sababu kunyanyua ndiyo kazi yangu."

Daktari alimtazama juu ya miwani, akaandika la kukaa.

Karatasi ikafika kwa Solvej, mama wa ofisini anayepanga safari za watu wote wa kiwanda. Yeye mwenyewe hapandi ndege, anaogopa, lakini anajua kila ndege inapumzika wapi. Alisoma, akavua miwani, akasema, "Basi wewe tunakupeleka mbele. Daraja la biashara. Kiti kinakunjuka kinakuwa kitanda. Wanakupa mto, blanketi, soksi, na mtu wa kukuuliza kila mara kama hujambo."

Svenning akawa mwekundu kama kamba aliyetoka kwenye sufuria. "Na Egon?"

"Egon ana karatasi ya daktari?"

"Hana."

"Egon nyuma, basi. Mbona kama nakupeleka jela? Wenzako wangeruka."

Hawangeruka, na Solvej alijua. Kiwandani pale hakuna mtu aliyewahi kukaa mbele. Ingelise, mkurugenzi, mwenye kiwanda chote kile, anakaa nyuma kabisa karibu na choo, na mkate wake mweusi wa maini ya kusaga amejifungia mwenyewe kwenye karatasi. Kikombe chake cha kahawa anaosha mwenyewe. Huku mtu akijiona yuko juu ya wenzake hata kwa unene wa kidole, wenzake humshusha. Humshusha kwa adabu na kwa kicheko, lakini humshusha mpaka nyayo ziguse sakafu.

Ila wana dawa yake, nayo ni keki. Umepata kitu ambacho wenzako hawana? Leta keki. Umenunua gari, keki. Picha yako imetoka gazetini, keki. Umeligonga lile gari jipya kwenye nguzo ya lango, keki mbili. Unaiweka mezani saa ya kahawa, unasema jambo lako, watu wanakucheka midomo imejaa, na yamekwisha. Sijaona kijicho kilichoweza kupita kooni pamoja na keki.

Svenning angeleta keki wiki ile ile, nami ningekuwa sasa hivi nawasimulia habari nyingine, labda ya yule nyangumi aliyenipigia hodi. Lakini keki lazima useme ni ya nini. Akisema kiti, ataulizwa kwa nini. Akisema mgongo, ataulizwa, na kazini je? Na fundi aliyekwisha mgongo anapewa kiti ofisini na kalamu, halafu Egon anapewa mtu mwingine wa kwenda naye.

"Solvej," alisema akiwa ameshika kitasa cha mlango, "usimwambie mtu."

"Nisipoulizwa sisemi. Nikiulizwa sidanganyi. Na Egon anauliza sana, wewe unamjua."

Alimjua. Jioni hiyo hiyo Egon alikuja kwake na ramani, karata na chupa ya kahawa. Ndio mtindo wao. Kabla ya kila safari wanakaa jikoni kwa Svenning, wanatandaza vifaa mezani, wanagawana spana nani abebe ipi, na Tove, mke wa Svenning, anafukuzwa jikoni kwake mwenyewe. Ndegeni Egon hukaa pembeni mwa njia ili miguu yake ipate pa kwenda, Svenning hukaa ubavuni pake, na wanacheza karata bahari nzima. Anayefungwa ndiye anayebeba sanduku la vifaa watakaposhuka. Tangu Peru Egon alikuwa anafungwa kila mchezo. Svenning alidhani ni bahati.

"Umeshamwambia Solvej viti vya kawaida yetu?" Egon akauliza.

Tove alikuwa mlangoni. Alisimama kusikiliza.

"Ndege imejaa," Svenning akasema huku akipanga spana ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. "Wametutenganisha."

"Wametutenganisha? Sisi?" Egon akaweka kikombe chini. "Mimi nitacheza karata na nani? Watanikalisha na mtawa tena, kama ile mara ya Iceland, anisomee dua mpaka tushuke."

"Ndiyo hivyo, hakuna la kufanya."

"Hakuna la kufanya vipi? Wewe mtu akikulalia begani huwezi hata kumsukuma. Utafika umebeba kichwa cha mtu."

Svenning akacheka, kicheko kile cha mtu aliyemeza mfupa. Egon alipoondoka, Tove akaingia, akafuta meza polepole kuliko inavyotakiwa.

"Mwambie."

"Kesho."

"Svenning."

"Nimesema kesho, mama."

Kesho hiyo haikuja, na kesho yake pia. Kila siku kazini Egon alikuja na shauri jipya. Wafike mapema waombe kubadilishiwa. Wampe jirani chokoleti ahame. Svenning aliitikia kila kitu. Usiku nilikuwa namsikia chini akitembea jikoni, kwenda na kurudi, na mgongo ukilia kama mlango wa ghala. Mtu angemwonea huruma. Mimi nilimwonea, halafu nikagonga sakafu kwa fimbo anyamaze.

Kumbe Egon hakuwa mtu wa kungoja kesho. Alichukua siku ya mapumziko yake, akakaa kwenye kochi, akapiga simu kwa watu wa ndege. Nayo simu ya watu wa ndege mnaijua. Wanakupigia muziki. Egon anasema alisikiliza filimbi ile ile mpaka masikio yake yakaanza kuota majani. Hatimaye akaja mwanamke.

Habari hii Egon alinipa mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kiti changu cha kusukia nywele, ambacho tangu siku hiyo kinapepesuka.

"Dada, naomba unisaidie," alimwambia. "Tunasafiri wawili, tumekatiwa tiketi pamoja, lakini tumetenganishwa. Mwenzangu ana mgongo mbovu. Akikaa peke yake hawezi kuomba hata maji, ni mtu wa haya. Nitafutie viti viwili pamoja, hata kama ni karibu na choo. Sisi hatuchagui."

"Mwenzako ni Bwana Odgaard?"

"Huyo huyo."

"Bwana Odgaard yuko mbele. Daraja la biashara, kiti cha kulala."

"Umekosea, dada. Tafuta tena."

"Ndiye pekee niliyenaye. Aliwekwa hapo siku ile ile mlipokatiwa tiketi."

Mwanamke akadhani simu imekatika.

"Haloo? Unataka na wewe nikuhamishie mbele? Naweza kukutajia nauli."

"Hapana," Egon akasema. "Mimi sina tatizo. Nina miguu mirefu tu."

Asubuhi iliyofuata aliingia chumba cha kulia cha kiwanda kabla ya wenzake. Kabatini mle kuna bendera ndogo ya kuweka mezani, nyekundu yenye msalaba mweupe, na kijiti chake cha mbao. Inawekwa mbele ya mtu siku yake ya kuzaliwa, au siku ya jambo lake la furaha. Egon akaitoa, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akaisimamisha mbele ya kiti cha Svenning. Halafu akaenda kukaa mwisho wa meza, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

Watu wakaingia na mikate yao.

"Leo kuna nini, Svenning? Si ulizaliwa wakati wa mavuno wewe?"

"Au umepata mjukuu?"

"Bendera tunaiona, keki haionekani! Wapi keki?"

Svenning alisimama na kikombe mkononi, akaitazama ile bendera. Akamtazama Egon kule mwisho. Egon alikuwa anakata mkate vipande vidogo, vidogo sana, kama anamlisha ndege.

"Egon, wewe ndiye uliyeiweka?" mtu mmoja akauliza. "Tuambie basi."

"Muulizeni mwenyewe. Yeye ndiye mwenye sherehe."

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ilibaki kuingia tu. Lakini Svenning akasema, "Nadhani imewekwa kwa bahati mbaya," akaichukua bendera, akairudisha kabatini. Vijiko vikasimama vikombeni. Hata friji, anasema Solvej, ilinyamaza.

Alimfuata Egon nje, nyuma ya ghala la chuma, upepo unawapiga mpaka wanazungumza kwa kupayuka.

"Egon, nilitaka kukwambia."

"Lini? Ukiwa umelala, au baada ya kuamshwa na kifungua kinywa?"

"Ni mgongo, Egon."

"Najua ni mgongo! Mimi kipofu? Tangu Peru nani anashika upande mzito? Tukinyanyua shafti, ule mhimili wa pipa, nani anasema 'subiri mzee, nimeshaikamata'? Nani anafungwa karata kila safari ili abebe sanduku? Unafikiri mimi sijui kucheza karata? Mimi ndiye niliyekufundisha!"

Svenning akashika ukuta wa ghala asichukuliwe na upepo.

"Kwa nini hukusema?" akauliza.

"Kwa sababu hukutaka niseme. Nikasema sawa, ni siri ya mzee, ngoja nimfichie. Lakini kiti, Svenning! Kiti! Ningekucheka siku mbili yakaisha. Wewe ukaniacha nikae napigiwa filimbi kutwa nzima nikuombee nafasi karibu yangu, eti usije ukawa mpweke. Na huko kwenye kitanda una mtu wa kukuuliza kama hujambo."

"Samahani."

"Nitakwenda Chile, kwa sababu pipa ni letu na samaki wa watu wanaoza. Lakini hii ndiyo ya mwisho mimi na wewe. Tukirudi, Ingelise akutafutie mtu mwingine wa kumdanganya."

Akaingia ndani. Na Egon si mtu wa kusema maneno kwa hasira halafu akayafuata kuyaokota.

Jumamosi Svenning akapanda ngazi kwangu, amebeba unga, mayai na sukari kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa.

"Tove amekataa kuoka," akasema. "Amesema kosa langu, keki yangu. Bibi, nifundishe."

"Unataka ipi?"

"Ile ya ndoto. Egon anaipenda hiyo."

Keki ya ndoto ni ile wanayoipaka juu nazi iliyopikwa na sukari ya kahawia. Nazi yenyewe inauzwa dukani imekaushwa mpaka imesahau kama ilikuwa nazi, lakini nimeishi nayo kwa amani miaka mingi. Nikamfunga kanga yangu kiunoni, nikampa bakuli. Shetani wangu akaamka hapo hapo.

"Unajua lakini," nikamwambia, "keki hii haitaki kuumuka mpaka mwokaji aseme kosa lake lote kwa sauti, huku anakoroga."

"Kweli?"

"Muulize yeyote wa kwetu nilikozaliwa."

Ni uongo, nilikuwa nimeutunga ule muda wa kufunga kanga. Lakini Svenning alikoroga, akaanza kusema. Akaieleza keki kuhusu kiti. Akaieleza kuhusu ndege iliyojaa ambayo haikujaa. Akaieleza kuhusu bendera. Jasho linamtoka.

"Hayo tu?" nikauliza.

Akasimamisha mwiko. Alikodolea macho bakuli muda mrefu.

"Hayo tu, Bibi."

"Haya. Itie jikoni."

Jumatatu saa ya kahawa akaiweka mezani, akasimama, akashika kiti kwa mikono miwili. "Nimeleta keki," akasema, "kwa sababu tukienda Chile mimi nitakuwa nimelala mbele na Egon atakuwa amekaa nyuma. Daktari amesema siwezi kukaa muda mrefu. Nilimficha Egon. Basi."

Mnaweza kukisia.

"Utachukua nguo za kulalia, au wanatoa wenyewe?"

"Na hadithi ya kulalia je? Waambie wakusomee ile ya binti mfalme aliyelala!"

"Wakikuamsha kwa busu, Svenning, piga picha tumwonyeshe Tove!"

Ingelise mwenyewe alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Keki ikakatwa, ikaliwa, na kwa watu wote wa meza ile habari ilikuwa imekwisha. Isipokuwa kule mwisho. Egon alikuwa na kipande chake mbele yake, kizima.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Hujamaliza."

Akachukua karatasi aliyofungia mkate wake, akakifunga kile kipande vizuri, kona kwa kona, akakitia mfuko wa koti. Akatoka. Na huku kukataa keki ya mtu ni neno zito kuliko tusi. Tusi unaweza kulirudisha.

Siku ya safari walikwenda pamoja kwa sababu tiketi zilikuwa pamoja. Ndege ya Copenhagen mpaka Madrid walikaa kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Madrid wakaitwa kwanza watu wa mbele. Svenning akaingia, akaonyeshwa kiti kikubwa kama kile cha kinyozi. Akapewa glasi ya kitu chenye mapovu hata kabla hajaomba. Hakuwa na pa kuiweka. Na ndege zile zina ukatili wake: watu wa nyuma wote lazima wapite hapo hapo ulipo, mmoja mmoja, na mizigo yao, wakikutazama umekaa na glasi.

Alimwona Egon tangu mlangoni, maana mlango ulizibika. Ameinamisha kichwa asigonge dari, sanduku la vifaa begani. Svenning akaificha glasi katikati ya magoti, kama mtoto. Egon akapita. Hakumtazama Svenning wala ile glasi. Koti lake likamgusa bega, na Svenning akaona kona ya karatasi ya mkate imechungulia mfukoni.

Ndege ikapaa. Wakamletea chakula kwenye sahani za udongo, wakamkunjulia kitanda, wakampa soksi. Mgongo, anasema, ulishukuru. Ulinyooka kwa mara ya kwanza tangu vuli. Yeye mwenyewe alilala hapo macho wazi, anasikiliza injini, kwa sababu masikio yake hayajui kupumzika. Zilikuwa nzima. Hakuwa na la kurekebisha.

Akainuka, akavuka pazia.

"Bwana, choo chako kiko mbele," mhudumu akamwambia.

"Sitafuti choo. Namtafuta rafiki yangu."

Alimkuta karibu na mkia. Magoti yamefika kidevuni, na bibi mmoja wa Kihispania, mdogo kama kikapu, amelala usingizi kwenye bega lake, mdomo wazi. Egon hakuweza kujitingisha asimwamshe. Alimtazama Svenning kwa jicho moja.

"Rudi ulale," akanong'ona.

"Egon, siwezi kunyanyua tena." Svenning alisema kwa sauti yake ya kiwandani, hana nyingine. Watu safu tatu wakageuka. "Si kukaa tu. Kunyanyua. Daktari alitaka kuandika nikamkataza. Hata shafti ya Chile sitaigusa, nitaiangusha, nitakuvunja mguu. Nikirudi nitamwambia Ingelise. Nitakaa ofisini."

Polepole, kwa mkono ambao haukulaliwa, Egon akapapasa mfukoni, akatoa karatasi, akaifungua juu ya goti. Keki ilikuwa imepondeka na nazi imeenea kila mahali. Akakata kipande, akatafuna.

"Kavu," akasema.

"Bibi alisema haiumuki mwokaji asiposema yote."

"Bibi ni muongo. Uliiacha motoni mpaka ikafa." Akatafuna tena. Akammegea kilichobaki. "Shika. Na usimame vizuri, unazuia kigari cha watu."

Wakamaliza keki hivyo, mmoja amesimama na mmoja amebanwa, mpaka mhudumu akamrudisha Svenning mbele kwa upole.

Huko Chile, Svenning alikalia ndoo iliyopinduliwa, bisibisi sikioni, akionyesha kwa kidole, na Egon akanyanyua pamoja na vijana wa kule. Pipa likazunguka. Waliporudi, Svenning alikwenda kwa Ingelise kabla hajavua koti. Alisema yote. Ingelise alimsikiliza, akamwoshea kikombe, akammiminia kahawa, halafu akampa meza karibu na Solvej na kalamu mbili.

Kwa hiyo ile ilikuwa ya mwisho kweli, kama Egon alivyosema nyuma ya ghala. Siku hizi Egon anasafiri na binti fundi kutoka Holstebro, hodari sana, asiyejua karata wala hataki kujifunza. Svenning amenenepa. Jioni kabla ya safari za Egon, jikoni chini yangu hakuna spana zinazolia tena, na Tove anapika kwa nafasi, na sidhani kama amefurahi.

Ila mara nyingine simu inalia pale chini wakati viazi viko mezani, na Svenning anaacha kula. Najua ni nani kwa sababu hawasemi haloo. Egon yuko huko aliko, ameshika simu karibu na pipa, na Svenning ameiweka sikioni, amefumba macho, ameinama mpaka mgongo unalia na paka wangu anakimbia. Viazi vinapoa. Halafu nasikia anasema, "Beringi ya upande wa kushoto, mzee. Ile ya pili."

Anasikiliza tena kidogo, halafu, "Mimi sijambo. Wewe je?"